Video Inapogandaganda Ukichomeka Skrini ya Pili

  

Nianze na swali. Umepata kukaa ukumbini, kwenye sendofu au kwenye kumbukumbu ya marehemu, MC akatangaza kwamba sasa tutatazama video fupi ya familia? Taa zinapunguzwa, projekta inamulika, picha inaanza. Kisha inaganda. Sauti inaendelea, mama anasimulia, lakini mdomo wake ukutani umesimama. Picha inaruka, inatulia kidogo, inaganda tena. Watu wanageuka kumtazama kijana aliyekaa kwenye laptopu, naye jasho linamtoka, kwa sababu asubuhi ile ile, nyumbani, video hiyo hiyo ilicheza kwenye laptopu hiyo hiyo bila tatizo lolote.

Kilichobadilika ni nini? Kimeongezeka kitu kimoja tu: skrini ya pili.

Ushauri ambao kijana huyo atapewa kesho yake naujua. Ataambiwa kompyuta imechoka, anunue nyingine. Mimi ushauri huo naukataa, na ndiyo sababu nimekuja na mada hii. Kompyuta nyingi tulizonazo, hata zile za mtumba zinazotoka Ulaya au Dubai, zina uwezo wa kuonyesha video ya HD kwenye skrini mbili. Ila uwezo huo mara nyingi umelala. Umelala kwa sababu ya mpangilio mmoja uliozimwa, au waya uliochomekwa tundu lisilo lake, au skrini mbili zinazokwenda kwa mwendo tofauti. Kabla hujatoa hela, uamshe kwanza.

Sasa tuanze taratibu. Swali la kwanza kabisa: tatizo ni kompyuta, au ni intaneti? Watu wengi wanachanganya haya mawili na wanaishia kununua bando jipya bila sababu. Video ikisimama yote, sauti na picha pamoja, na kale kaduara kakaanza kuzunguka katikati, hiyo ni intaneti. Lakini sauti ikiwa inakwenda vizuri huku picha ikikatakata, hapo intaneti haina kosa. Ni kompyuta inashindwa kuchora picha kwa wakati. Ukitaka uhakika, chukua video iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe, uicheze intaneti ikiwa imezimwa. Ikiganda, basi tumekubaliana: tatizo liko ndani.

Jaribio la pili ni jepesi zaidi. Chomoa skrini ya pili, ucheze tena video ile ile, sehemu ile ile. Ikitulia, umejua kwamba uzito umetoka kwenye skrini ya pili. Isipotulia, skrini ya pili haihusiki, na kitu cha kushughulikia ni video au kompyuta yenyewe. Majaribio haya mawili hayagharimu kitu, na fundi anayeanza kazi bila kuyafanya anabahatisha.

Sasa nataka tuelewane kuhusu kinachotokea ndani. Video ni picha za kawaida zinazopita haraka: 24, 25, 30, wakati mwingine 60 kwa kila sekunde. Picha moja ya HD kamili, ile inayoandikwa 1080p, ina nukta zaidi ya milioni 2. Ungehifadhi picha zote hizo kama zilivyo, dakika chache tu zingejaza flashi. Kwa hiyo video hubanwa. Kuna njia mbalimbali za kubana, na kila moja ina jina lake: H.264 iliyokamilishwa mwaka 2003, kisha H.265 ambayo pia huitwa HEVC ya mwaka 2013, kuna VP9 ya Google, na AV1 iliyotoka mwaka 2018. Kadiri njia inavyokuwa mpya, ndivyo faili linavyokuwa dogo, na ndivyo kazi ya kulifungua inavyokuwa nzito.

Nani anafungua? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, naomba usikilize vizuri. Ndani ya kompyuta kuna prosesa, ambayo inafanya kazi zote. Lakini upande wa picha kuna chombo kidogo maalumu, kilichotengenezwa kwa kazi moja tu ya kufungua video. Kinaifanya kwa haraka, na kwa umeme kidogo. Kikiachwa bila kutumiwa, prosesa inaifanya kazi hiyo kwa nguvu zake zote, feni inapiga kelele, na skrini ya pili ikiongezwa inazidiwa. Ni kama mwenye duka anayebeba magunia ya mchele mgongoni mwake, huku hamali amekaa mlangoni akisubiri kuitwa.

Utajuaje kama ameitwa? Kwenye Windows 10 au 11, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Nenda kwenye sehemu ya utendaji, chagua GPU, yaani kadi ya picha, halafu tazama mchoro ulioandikwa Video Decode. Cheza video. Mchoro ule ukipanda, chombo kinafanya kazi. Ukilala chini kabisa huku prosesa ikigonga asilimia 80 au 90, umemkamata mwizi.

Kwa nini chombo hicho kisitumike? Sababu ya kwanza ni draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya picha. Hii naiona sana kwenye kompyuta zilizopigwa Windows upya. Fundi anaweka Windows, skrini inawaka, rangi zipo, anamkabidhi mteja. Kumbe kadi ya picha inaendeshwa na draiva ya msingi ya Windows yenyewe. Fungua Device Manager, tazama sehemu ya Display adapters. Ukikuta pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter, draiva halisi haijawekwa. Ipakue kutoka kwa mtengenezaji, Intel, AMD au NVIDIA, kulingana na mashine yako. Fundi mwenzangu, nakusihi: usimkabidhi mteja kompyuta kabla hujatazama mstari huo mmoja. Inachukua muda mfupi sana, na inamwokoa mtu aibu kubwa.

Sababu ya pili ni mpangilio wa programu. Kwenye Chrome, ingia mipangilio, sehemu ya mfumo, utakuta kipengele cha kuongeza kasi kwa kutumia maunzi, yaani kuiachia kadi ya picha kazi. Kiwe kimewashwa, kisha ufunge Chrome na kuifungua upya. Kwenye VLC, ingia mapendeleo, sehemu ya kodeki, yaani njia za kubana, uchague ufunguaji wa video kwa maunzi uwe wa otomatiki. Na ukiwa ndani ya VLC, bonyeza Ctrl na J, ufungue ukurasa wa takwimu, utaona idadi ya fremu, yaani picha, zilizoonyeshwa na zilizopotea. Namba ya zilizopotea ikizidi kupanda, kompyuta inazidiwa. YouTube nayo ina kitu hicho: bofya video kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua takwimu za wataalamu, utaona fremu zilizoangushwa na aina ya kodeki.

Sababu ya tatu, chombo kipo ila hakiijui njia hiyo ya kubana. Laptopu nyingi za mtumba zina prosesa za Intel, na jina la prosesa linakwambia kizazi chake. Ukiona i5-4300U, hiyo 4 ya mwanzo ni kizazi cha nne. Hicho kinafungua H.264 bila shida, lakini hakina chombo kamili cha HEVC. Kizazi cha sita, cha mwaka 2015, kinafungua HEVC ya kawaida. Kizazi cha saba kinaongeza VP9 na HEVC ya rangi pana. AV1 imeanza kizazi cha 11, mwaka 2020. Kwa hiyo ukiwa na mashine ya kizazi cha nne, na YouTube inakuletea VP9, prosesa inabeba mzigo peke yake. Kuna kiongezo cha kivinjari kinachoitwa h264ify ambacho huiomba YouTube ilete H.264. Kwa mashine kongwe, tofauti yake ni kubwa.

Na simu je? Tangu mwaka 2017, iPhone nyingi zinarekodi kwa HEVC bila hata mwenyewe kujua. Shangazi anakutumia video nzuri ya bi harusi aliyoirekodi mwenyewe, unaiweka kwenye laptopu ya kizazi cha nne, inaganda. Shangazi hana kosa, na laptopu haijaharibika. Mwambie kabla ya shughuli aingie mipangilio ya kamera, sehemu ya miundo, achague ule unaokubalika na vifaa vingi. Hapo itarekodi kwa H.264.

Haya, tumemwita hamali. Sasa tuje kwenye skrini ya pili yenyewe, maana hapa pana mambo yake.

Kila skrini unayoichomeka inachorwa upya bila kupumzika, kwa kawaida mara 60 kwa sekunde, hata kama haionyeshi kitu zaidi ya picha ya ukutani. Kwenye laptopu isiyo na kadi ya picha ya peke yake, kumbukumbu ya kuchorea skrini ndiyo hiyo hiyo RAM inayotumiwa na prosesa. Laptopu ikiwa na kijiti kimoja tu cha RAM, njia ni moja, na wote wanapita hapo hapo. Ukiweka vijiti viwili vinavyolingana, njia zinakuwa mbili. Ukitaka kutumia pesa kidogo kwa faida kubwa, anzia hapo.

Lakini kabla ya pesa, tazama waya umechomekwa wapi. Kwenye kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha, nyuma kuna matundu ya aina mbili. Kuna yale ya bodi kuu, yaliyo juu karibu na matundu ya USB, na yale ya kadi, yaliyo chini yakiwa yamelala. Mtu anachomeka skrini moja kwenye kadi na nyingine kwenye bodi. Zote zinawaka, anaridhika. Kumbe sasa vipo vyombo viwili tofauti vinavyochora, na video inayofunguliwa upande mmoja inabidi inakiliwe kwenda upande wa pili, picha kwa picha. Chomeka zote mbili kwenye kadi, kisha ujaribu tena.

Na kuna vile vifaa vya kutoa HDMI kupitia USB. Baadhi yake havina uwezo wa kuchora hata kidogo. Prosesa ndiyo inayochora, inabana picha, inaituma kwa waya wa USB, kifaa kinaifungua upande wa pili. Kwa kuandika barua au kuonyesha jedwali, vinafaa. Kwa video ya HD, mimi sivipendekezi. Laptopu yako ikiwa na tundu halisi la HDMI au DisplayPort, tumia hilo kwa skrini itakayoonyesha video.

Jambo jingine dogo: dirisha la video likae lote kwenye skrini moja. Likiwa nusu huku na nusu kule, kompyuta inalazimika kuzifuata skrini mbili kwa wakati mmoja. Lipeleke kwanza kwenye skrini inayohusika, ndipo ucheze.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda zaidi, kwa sababu ndiyo inayowasumbua hata mafundi wazuri. Umefanya yote niliyoyasema. Prosesa imetulia, fremu hazipotei. Lakini bado kamera inapozunguka taratibu ukumbini, au mpira unapokwenda kutoka goli hadi goli, picha inatetemeka kidogo, inakwenda kwa kusitasita. Kwa nini?

Hesabu yake ni fupi, tuifanye pamoja. Nchi zetu, Tanzania, Kenya na Uganda, zilitumia mfumo wa televisheni wa PAL, wenye picha 25 kwa sekunde, uliokwenda sambamba na umeme wetu wa hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde. Wapiga picha wengi wa harusi mpaka leo wanarekodi kwa 25 au 50. Skrini ya laptopu yako inajichora mara 60. Gawa 60 kwa 25: unapata mbili na kitu. Skrini haiwezi kuonyesha picha mara mbili na kitu. Inachofanya ni kuionyesha picha moja mara 2, inayofuata mara 3, kisha mara 2 tena. Jicho linaliona hilo, hasa kitu kinapotembea kwa mwendo mmoja, kama bi harusi anavyoingia. Filamu nazo ni za picha 24, na zinapata tatizo hilo hilo kwenye skrini ya 60.

Dawa yake ipo, tena haina gharama. Ingia mipangilio ya Windows, Display, kisha mpangilio wa juu wa skrini. Chagua ile televisheni au projekta, uone kasi inazozikubali. Nyingi zinakubali hezi 50. Video ikiwa ya picha 25, ipe hezi 50. Kila picha itakaa mara 2 kamili, na ule mtetemo utaondoka. Video ya simu, ambayo kwa kawaida ni ya picha 30, iache kwenye 60.

Lakini kuna sharti, na hapa ndipo skrini mbili zinapoingia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Utaona njia ya kunakili, ambapo skrini zote mbili zinaonyesha kitu kimoja, na njia ya kupanua, ambapo kila skrini inajitegemea. Ukiwa kwenye kunakili, picha moja inatakiwa izitosheleze skrini mbili zenye mwendo tofauti, na moja kati yake itasita. Tumia kupanua. Laptopu ibaki na 60 yake, televisheni iwe na 50 yake, na video iende kwenye televisheni. Kisha fanya skrini inayoonyesha video kuwa skrini kuu. Windows za zamani hasa zilikuwa zinapanga mwendo wa madirisha yote kwa kufuata skrini kuu, na iliyobaki inafuata tu. Wanaotumia Linux, jaribuni kuingia kupitia Wayland badala ya Xorg, kwa sababu Wayland huipa kila skrini mwendo wake.

Nirudie, msikilizaji, ili uliyechelewa kujiunga nasi upate. Kwanza, hakikisha chombo cha kufungua video kinafanya kazi. Pili, skrini zote mbili zichomekwe kwenye kadi moja ya picha. Tatu, mwendo wa skrini ulingane na picha za video, na utumie kupanua badala ya kunakili.

Kama unachotaka ni televisheni nne za ukumbi zionyeshe kitu kimoja, usizifanye kuwa skrini nne za kompyuta. Tumia splita ya HDMI. Kompyuta itachora mara moja, splita itagawa.

Kuna hili la 4K pia. Projekta nyingi za mashule na makanisa zina nukta 1024 kwa 768, ambazo hazifiki hata laki 8. Video ya 4K ina nukta zaidi ya milioni 8. Unaitesa kompyuta ifungue nukta zote hizo, halafu projekta itupe zaidi ya tisa katika kila kumi. Mwombe mpiga picha akupe nakala ya 1080p, au hata ya 720p. Ukutani hamtaona tofauti, ila laptopu itapumua. Na kwa wenye televisheni za 4K: tundu la HDMI la zamani, toleo la 1.4, linapeleka 4K kwa hezi 30 tu. Usipojua, kila kitu kinaonekana kizito hata mshale wa kipanya. Shusha ukubwa wa skrini hadi 1080p, upate 60 yako.

Joto nalipitia haraka. Video ikianza vizuri kisha ikaganda baada ya muda, shuku joto. Laptopu iliyowekwa juu ya kitambaa cha meza imezibwa pumzi chini. Iwekwe juu ya kitu kigumu, isafishwe vumbi, na iwe kwenye umeme, kwa sababu nyingi hupunguza nguvu zikitegemea betri. Kanisani pia mnaorusha ibada moja kwa moja kwa programu ya OBS, chagueni kubana video kwa kadi ya picha, msiiachie prosesa izidi kupata joto.

Na ikiwa mashine yako haina kabisa chombo cha kufungua video uliyoletewa, usiahirishe shughuli. Pakua programu ya HandBrake, ni ya bure. Weka faili lako, chagua H.264, ukubwa wa 1080p, na idadi ya picha ibaki kama ya chanzo. Anza usiku, uiache ifanye kazi, maana kwenye mashine kongwe inaweza kuchukua saa kadhaa. Asubuhi utakuwa na faili ambalo karibu kompyuta yoyote iliyotengenezwa tangu mwaka 2011 italifungua bila kuhangaika. Lijaribu kwenye projekta ile ile, kwa waya ule ule, ukumbi ukiwa bado mtupu.